Ghorofa yainuka nyuma ya ua: ubishe hodi mlango gani?

Karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa jirani, baina ya tangazo la mganga kutoka Tanga na namba ya simu ya fundi wa friji. Tuliipita wiki tatu. Mimi mwenyewe niliwahi kuegemea ukuta ule nikingojea tuktuk, nisiisome. Aliyeisoma ni mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, kijana wa chuo anayesomea upimaji wa ardhi. Alikuja uani na mtungi wa maji mkononi.

"Shikamoo mzee. Ile karatasi si ya mganga. Wataka kugeuza kiwanja kiwe hosteli, ghorofa saba. Na siku za kupinga zishakwisha."

Mtaa sitautaja, wala sitasema kama ni kisiwani au ng'ambo, kwa kuwa sina ninayemshtaki. Kosa lilikuwa letu. Lakini tangu siku ile nimebisha milango mingi, mingine kwa jambo letu na mingine nikiwasindikiza wenzetu wa mitaa ya pili. Nikagundua kwamba watu wa Mombasa twaijua milango karibu yote, ila twabisha pasipo. Mwenye tatizo la bomba huenda mahakamani. Mwenye tatizo la ghorofa huenda kumngoja mwakilishi wadi mlangoni kwake alfajiri. Nimeiweka milango hiyo ubavu kwa ubavu hapa, kwa yeyote anayetaka kuchagua kabla mwezi haujampotelea.

Mji unakwenda juu

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 katika kaunti ya Mombasa. Ya 2019 ikahesabu 1,208,333. Kisauni peke yake 291,930, Likoni 250,358. Mvita, yaani kisiwa chenyewe, watu 154,171, na kisiwa hakivutiki kama mpira. Madaraja na barabara zimeongezeka, daraja la Makupa likafunguliwa 2022 na njia ya Dongo Kundu ikaungana na Kwale, lakini ardhi ya kujenga karibu na mji ni ileile. Kwa hiyo nyumba zinakwenda juu.

Wanafunzi nao wamezidisha mwendo. Chuo cha Tudor kilianza kama taasisi ya Waislamu, MIOME, kikawa chuo cha ufundi, kikawa politekniki mwaka 1972, na mwaka 2013 kikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili: Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wengi hukiita TUM tu. Juu yake weka kampasi za vyuo vikuu vya Nairobi, Kenyatta, Jomo Kenyatta na Mount Kenya. Kila mwanafunzi ataka kitanda, ataka mfereji, ataka choo. Mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, anapiga hesabu bila kalamu: vyumba sita au vitanda mia?

Simlaumu. Nami nina mpangaji mwanafunzi, na kodi yake ndiyo inayolipa stima. Taabu ni kwamba sehemu kubwa ya jiji haina mabomba ya maji taka; twategemea makaro, yaani mashimo ya kukusanyia maji taka. Maji ya kunywa yatoka mbali, Mzima na Baricho, na hayatoshi. Ukiweka watu mia mahali pa watu kumi na wanane, karo halijui kwamba chuo kimepandishwa hadhi.

Kabla hujatoka nyumbani

Jiulize swali moja: jambo lako ni la kuleta au la kuzuia? Taa za barabarani, mtaro, zahanati, barabara ya kabro, hayo ni ya kuleta. Ghorofa, kiwanda, klabu ya usiku, stesheni ya mafuta, hayo ni ya kuzuia au kurekebisha. Milango ya kuleta ni miwili mikubwa, na ya kuzuia ni miwili mikubwa. Aghalabu mtu hupotea kwa kupeleka la kuzuia kwenye mlango wa kuleta.

Mwakilishi wadi na vikao vya maoni

Kaunti yetu ina wadi 30 na kila wadi ina mwakilishi wake aliyechaguliwa. Kisheria kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, kuichunguza serikali ya kaunti na kuwa kiungo baina yetu na bunge la kaunti. Katika maisha ya kila siku kazi yake ni basari, mazishi, mchango wa madrasa na kupatanisha waendeshaji bodaboda. Usimdharau kwa hayo. Ndiyo tuliyomfundisha kwa kumwomba.

Uzuri wa mlango huu ni kwamba hauna fomu. Unamfahamu, anakufahamu, mamako alisoma na shangazi yake. Taa ikizimika akipiga simu moja huenda ikawaka Ijumaa. Mtaro ukiziba anajua ni afisa gani wa kusumbuliwa. Kwa mambo madogo ya kuleta, sijaona mlango wa haraka kuliko huo. Wala hutoi shilingi, isipokuwa muda wa kungoja kwenye baraza lake pamoja na wengine ishirini. (Ukimkuta mazishini usimtajie mtaro. Atakuitikia "sawa, sawa" na hatakumbuka lolote.)

Ubaya wake ni kwamba hatii sahihi ramani ya nyumba ya mtu. Kibali cha ujenzi hutoka upande wa serikali ya kaunti, kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi na maafisa wake. Mwakilishi aweza kuuliza bungeni, aweza kutaka kamati ije ikague, aweza kupiga kelele kwenye redio. Kalamu yenyewe hana. Sisi tulimwendea mheshimiwa wetu kwa lile la hosteli, akatukaribisha vizuri, akatupa chai, akatuambia atalifuatilia. Sina shaka alilifuatilia. Lakini siku tulizokuwa tukisubiri ndizo tulizozihitaji kwingine.

Vikao vya maoni ya wananchi ni kinyume chake: ni vizito, ni vya mwendo wa kobe, na jina lako halijulikani. Lakini vina kitu ambacho mheshimiwa hawezi kukupa peke yake, nacho ni mstari kwenye kitabu cha fedha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yasema fedha za umma zisitengwe nje ya mpango. Maana yake, barabara yenu isipoandikwa kwenye mpango haina shilingi, hata mheshimiwa awe shemeji yako.

Wengi hukosea tarehe. Watu hujaa ukumbini mwezi wa Aprili na Mei, wakati wa bajeti, na masika nayo imeshaanza kuzamisha vichochoro. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30 na hupaswa kupitishwa kabla ya Juni 30. Ukija wakati huo sinia ishapakuliwa. Waweza kuvuta kipande cha nyama upande wako, lakini huwezi tena kusema leo tupike samaki. Aliyeamua kitoweo ni mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao kaunti hupaswa kuuwasilisha kufikia Septemba 1, na waraka wa sera ya fedha unaofuata kufikia Februari 28. Vikao vya miezi hiyo ndivyo vyenye viti vitupu. Nilihudhuria kimoja ambacho tulikuwa watu kumi na mmoja, wawili wakiwa wamefuata kivuli. Kinamama watatu wa mtaa wa pili waliandika ombi la taa na mtaro kwa barua ya ukurasa mmoja, wakataja jina la njia, mwanzo na mwisho wake, wakataka barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwaka uliofuata njia yao ilikuwa kwenye orodha. Yetu sisi tuliolalamika kwa sauti kubwa haikuwa.

Basi kwa la kuleta ningesema hivi: kitu cha kurekebishwa wiki hii mpelekee mwakilishi, kitu cha kujengwa kipeleke kwenye kikao cha mapema, kwa maandishi, kisha umpe mwakilishi nakala ili awe na cha kushikilia bajeti itakapofika mbele yake. Ukichagua kimoja tu kati ya viwili, chagua barua. Mwakilishi anaweza kuondoka. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Barua yenye muhuri hubaki kwenye faili.

Lakini vikao hivyo havizuii ghorofa ya mtu binafsi. Nimeona mtu akisimama kwenye kikao cha bajeti akieleza kwa uchungu habari za karo la jirani, ukumbi mzima ukimpigia makofi, na karani hana hata safu ya kuliandikia.

Siku 14

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipopoteza.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yakataza kuanza ujenzi bila kibali cha kaunti. Anayeomba kibali hutakiwa pia kuutangazia umma, na matangazo ya kubadilisha matumizi ya kiwanja, kama kutoka nyumba ya familia kuwa hosteli, hutokea magazetini na kwenye kiwanja chenyewe. Tangazo hutaja namba ya kiwanja, kinachotakiwa kujengwa, na muda wa kutoa pingamizi, ambao kwa kawaida ni siku 14. Ng'ambo ya kaskazini namba ya kiwanja mara nyingi huanza na herufi MN, ya kusini MS, na hiyo ndiyo sababu watu huipita karatasi: yafanana na namba ya kontena.

Pingamizi ni barua tu. Huhitaji wakili, huhitaji kiapo. Wakati huu jambo bado ni karatasi, hakuna aliyemwaga zege, na afisa anayeisoma hajaona aibu ya kubadili neno lake. Mwenye kiwanja naye hajakopa benki. Ukilinganisha na milango mingine yote, hapa ndipo jitihada ndogo huzaa zaidi: barua ya kurasa mbili yaweza kupunguza ghorofa mbili, au kumlazimisha mtu achimbe karo la kutosha, au aache njia ya upana wa gari la zimamoto. Kuzuia kabisa ni nadra, na mimi sioni kama kuzuia kabisa ndiyo haki. Wanafunzi walale wapi?

Ubora wa pingamizi uko kwenye vipimo. Barua isemayo "twapinga kwa sababu mtaa wetu ni wa kihistoria na watoto wetu wataharibika" husomwa na kufungwa. Ile isemayo "kichochoro kina upana wa mita mbili na nusu, na hakuna njia nyingine ya kuingia" humsimamisha afisa. Tulipokuja kulijua hili tulipima kichochoro chetu kwa utepe wa fundi cherehani, jambo lililowachekesha watoto, lakini namba ilikuwa namba. Andikeni karo lenu liko mita ngapi kutoka kisima. Andikeni maji hutoka mferejini siku ngapi kwa wiki. Na andikeni upepo: ukuta wa ghorofa saba upande wa kusini utawazuilia kusi miezi ile yote ambayo kusi ndiyo feni ya maskini. Mtu wa bara aweza kudhani huo ni ushairi. Kwa aliyelala Mombasa mwezi wa Aprili kabla kusi haijashika, hilo ni jambo la afya.

Sahihi nyingi zasaidia, lakini sahihi arobaini chini ya barua mbaya hazizidi barua nzuri ya watu watano.

Je, siku zikipita kama zilivyotupita sisi? Kibali kikitolewa, sheria yampa mtu mwenye maslahi siku nyingine 14, tangu uamuzi, kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Kamati nayo yapewa siku 14 kuamua. Ukishindwa hapo waweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tatizo la mlango huu ni kujua uamuzi umetoka lini, kwa sababu hakuna atakayekuja kukugongea na habari. Lazima mtu mmoja mtaani awe mwenda afisini. Mtafuteni mstaafu mwenye subira. Kijana mwenye kazi hawezi, na mwenye hasira ataharibu.

Neno "mwenye maslahi" ni kubwa kuliko linavyosikika. Mombasa ina desturi yake ya nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, umeirithi kwa babu, lakini ardhi chini yake ni ya mtu mwingine na kila mwezi walipa kodi ya kiwanja. Watu wengi wa Majengo na mitaa ya aina hiyo huona haya kuandika barua, wakidhani asiye na hati hana sauti. Mpangaji vilevile. Mwanafunzi anayelala mita kumi kutoka kwenye karo litakalofurika ana maslahi kuliko mwenye hati anayeishi Dubai. Kijana wetu wa chumba cha nyuma aliogopa kutia sahihi kwa kuwa "mimi ni wa kupita tu". Nilimwambia hata hosteli yajengwa kwa ajili ya wa kupita.

Baraza la mazingira na mahakama

Mradi ulio na leseni ya mazingira waweza kukatiwa rufaa mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60 tangu leseni itolewe. Siku 60 ni neema ukilinganisha na 14. Na baraza hilo lina meno: Juni 2019 lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa Lamu, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wanaodhani kupinga mradi mkubwa ni kujipigia ngoma na kucheza peke yako waikumbuke Lamu.

Mahakama yenyewe ni bahari nyingine. Mfano wetu wa karibu ni Owino Uhuru, kule Jomvu, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya madini ya risasi kwenye mtaa wa watu. Phyllis Omido, aliyeanza kwa kutafuta kilichomwuguza mwanawe, alipata Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Kesi iliwasilishwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa amri hiyo ya fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Hesabu miaka. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza kesi ikifunguliwa alikuwa ashamaliza la nane.

Sisemi usiende. Owino Uhuru hakukuwa na mlango mwingine uliofaa. Watu walikuwa washaumia na hakuna barua ya pingamizi inayolipa fidia. Nasema mahakama ni ya madhara makubwa, ya watu wengi, yenye ushahidi wa vipimo vya damu na udongo, na yenye shirika au wakili wa kubeba gharama. Kwa ghorofa moja nyuma ya ua, jaji atakuuliza swali la kwanza: ulipita kwenye kamati? Ukisema hukupita, huenda ukarudishwa ulikotoka, na wakili umeshamlipa.

Weka basi mlango wa siku 14 na mlango wa mahakama pamoja. Wa kwanza ni rahisi, ni mfupi, na hufungwa haraka mno. Wa pili uko wazi karibu wakati wote, lakini ngazi zake hazihesabiki. Aliyekosa wa kwanza hukimbilia wa pili akidhani ni uleule uliochelewa.

Milango midogo

Ardhilhali, yaani ombi la maandishi, kwa bunge la kaunti: kila mtu ana haki ya kuipeleka, hailipiwi, na inafaa hasa pale ambapo kaunti yenyewe ndiyo mwenye nyumba. Buxton zilivunjwa nyumba za zamani za kaunti zikapisha maghorofa mapya, na mitaa mingine ya kaunti imetajwa kwenye mpango wa namna hiyo. Ukiwa mpangaji wa nyumba za kaunti, mwakilishi wako ana nguvu zaidi kuliko kwa ghorofa la mtu binafsi, kwa kuwa mkataba, fedha na ahadi za kurudi ni mambo ambayo bunge laweza kuyadai yafunuliwe mezani. Hapo ndipo ningeanza naye.

Kura ya maoni ya mtaa: ipo kisheria. Uamuzi wa mipango au uwekezaji waweza kupigiwa kura endapo ombi limetiwa sahihi na asilimia 25 ya wapiga kura wa eneo hilo. Jaribu kukusanya sahihi za robo ya wadi yako bila kuitwa mgombea.

Haki ya kupata habari: Sheria ya 2016 yampa afisa siku 21 kukujibu ukiomba nakala ya ramani au kibali. Ni mlango mzuri, nimeutumia, na barua yake ni fupi. Lakini tazama tarehe: siku 21 za kujibiwa ni nyingi kuliko 14 za kupinga. Ukingoja jibu ndipo uandike pingamizi, umeshachelewa kwa wiki nzima. Tuma barua zote mbili siku moja, na kwenye pingamizi useme wazi kwamba ramani hujaonyeshwa.

Mji wa Kale ni habari ya peke yake. Kule ni eneo la hifadhi, na Makumbusho ya Kitaifa ina afisi ya uhifadhi inayoangalia mabadiliko ya majengo, mbali na Fort Jesus iliyo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011. Wenyeji wa Mji wa Kale wana mlango mmoja zaidi yetu, ingawa nao hulalamika kwamba wanazuiwa hata kubadilisha dirisha. Kila mtu na kidonda chake.

Ningekuwa wewe

Ukiwa umesikia tetesi tu na hujaona karatasi, usimwendee mtu. Zunguka kiwanja, tafuta namba, tuma ombi la habari. Tetesi za Mombasa hujenga maghorofa mengi kuliko makontrakta.

Karatasi ikiwapo, acha chai ya mheshimiwa. Ipige picha ikionyesha tarehe, hesabu siku, keti na watu watano wenye akili, pimeni, andikeni, mpeleke kwa mkono na mgongewe muhuri. Mheshimiwa mpe nakala baadaye. Ataipenda kwa kuwa hamkumtaka afanye lisilo lake.

Shimo likiwa limechimbwa, tafuta bango la ujenzi lenye majina na namba za vibali. Ikiwa halipo, lalamika kwa maafisa wa kaunti wa kusimamia ujenzi, na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kuanza ujenzi bila kibali ni kosa, faini yake haizidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Kwa mwenye hosteli ya vitanda mia faini hiyo si kitu. Kinachomwuma ni amri ya kusimamisha kazi huku saruji ikigandia kwenye mifuko. Bango likiwapo na kibali kipo, uliza kilitolewa lini, na leseni ya mazingira ilitolewa lini, kisha hesabu siku 14 za kibali na 60 za leseni uone mlango upi bado uko wazi.

Ghorofa ikiwa imekwisha na mapazia yametundikwa, sahau ghorofa. Waliomo ndani ni majirani zako sasa. Dai karo litapishwe kwa wakati, dai mtaro, dai taa kwenye kichochoro ambacho wasichana wa chuo hupita saa mbili usiku. Hilo limeshakuwa jambo la kuleta, nalo lina mwakilishi na lina mwezi wa Agosti, kabla mpango wa Septemba haujafungwa. Na safari hii nenda na wanafunzi. Wao ni wengi, wajua kuandika, na wanaoishi miaka minne mahali waweza kuhamishia kura zao hapo. Sijawahi kuona kikao cha maoni ambacho wanafunzi walijaa. Siku nitakapokiona nitajua mheshimiwa atatoka jasho.

Yetu sisi iliishia kati. Hosteli imejengwa. Tulichelewa pingamizi, tukawahi rufaa kwa siku mbili, na baada ya mazungumzo marefu mwenye kiwanja akakubali kuchimba karo kubwa zaidi na kurudisha ukuta nyuma hatua mbili. Kusi haiingii tena chumba cha mamangu. Tumemhamishia upande wa barabara, ambako kuna upepo na kelele za tuktuk, naye asema afadhali kelele.

Kijana wa chumba cha nyuma bado yuko nasi. Asema hosteli ile ni ghali. Wiki jana alinipigia simu nikiwa sokoni Marikiti. Karatasi nyingine imebandikwa, ng'ambo ya barabara, MN na namba ndefu nyuma yake. Ashaipiga picha. Siku ya kumi na nne ni Alhamisi, na utepe wa fundi cherehani nimeuazima tena.